Chupa Mezani kwa Tamar

Kila asubuhi, kabla mashine ya vizibo haijawashwa, Edmond, fundi wa pombe, alifungua chupa moja mbele ya wenzake. Aliimimina kwenye glasi, akaiinua dirishani atazame rangi, akasikiliza povu likifa polepole, akanywa funda moja, akatikisa kichwa kukubali: iko muzuri. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Wanawake wa kuosha chupa walivuta ndoo zao, Kasika aliketi kwenye mashine, na kiwanda kidogo cha Madame Mariette, ambacho zamani kilikuwa ghala la kahawa pembeni mwa Butembo, kikaanza kunguruma.

Hakuna aliyeonja kabla yake. Haikuwa amri ya mtu, ilikuwa desturi tu, ile ile ya nyumbani: anayeleta pombe huinywa wa kwanza, watu wote wakimwona, ili asije mtu akaogopa kilichomo. Na fundi akishasema ni nzuri, nani wa kusema si nzuri?

Asubuhi hiyo glasi ilikuwa bado mkononi mwake honi ilipolia nje. Gari dogo la mizigo liliingia uani kinyumenyume, matope yakiruka, na nyuma yake makasha ya chupa yalikuwa yamepangwa vilevile yalivyoondoka wiki iliyopita. Mzee aliyeshuka alivaa koti la sherehe, lakini viatu vyake vilikuwa vimejaa udongo hadi juu. Aliitwa Maliro, mtu wa Beu kule Beni, na pombe hiyo aliinunua kwa ajili ya mahari ya mwanawe.

Madame Mariette alitoka ofisini akijifunga kitambaa vizuri. Alikuwa mama mnene, mpole kwa wateja na mkavu kwa wafanyakazi.

"Karibu, mzee Maliro. Kuna nini?"

"Kuna haya, Madame. Haya na aibu njo kuna."

Alikataa kiti. Alisimulia akiwa amesimama, kofia mkononi. Siku ya mahari walikuwa wameketi nyumbani kwa wakwe, kule mtaa wa Ruwenzori, mbuzi wamefungwa nje, wamama wanaimba. Yeye kama baba wa kijana alifungua chupa ya kwanza, akanywa wa kwanza.

"Ilikuwa siki," alisema. "Siki kabisa. Sasa ningefanya nini? Niteme? Mutu anatema pombe yake mwenyewe mbele ya bakwe? Bangesema nimebaletea sumu. Nikameza. Nikacheka hata, nikasema iko muzuri, nikapatia baba ya binti. Ule mzee akakunywa. Akaniangalia. Akaweka glasi chini polepole, akasema: Maliro, unatuletea siki, na unacheka?"

Wafanyakazi walikuwa wamekusanyika mlangoni. Mmoja wao alitaka kucheka, akajizuia.

"Mbuzi zilirudi na sisi," mzee akaendelea. "Mutoto wangu hasemi na mimi tena. Bamenipatia siku moja tu ya kurudia, Samedi ya juma hii. Fundi ni nani hapa?"

Edmond alisogea. Maliro alichukua chupa kutoka kasha la juu, akaifungua kwa ncha ya ufunguo wake, akamimina glasi hadi juu, akamnyoshea.

"Kunywa. Yote."

Edmond akanywa. Alisikia ubaridi na mapovu yakimchoma ulimi kidogo, kama maji yaliyotikiswa ndani ya dumu. Basi. Alitafuta kitu kingine mdomoni mwake kama mtu anayepapasa gizani akitafuta kiberiti, huku macho yote yakiwa juu ya uso wake, na uso haukukunjamana hata kidogo. Glasi ikaisha. Kwa kuwa hakuwa na neno jingine, alitoa lile alilolitoa kila asubuhi.

"Iko muzuri, mzee."

Madame Mariette alimpokonya glasi, akagusisha midomo kwenye tone lililobaki, akaenda hadi ukingo wa mfereji akatema.

"Edmond," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na mshangao. "Edmond, ni siki."

"Unaona, Madame?" Mzee Maliro alivaa kofia yake, akaivua tena. "Natoka Beni, nangojea escorte ya basoda batusindikize ku barabara, narukiwa na matope, nafika hapa, kijana anakunywa siki yangu kama maji na ananichekelea."

"Sikuchekelei, mzee."

"Ulisema iko muzuri, kama vile mimi nilisema. Nimeeleza sasa hivi vile nilifanya. Na unaniiga mbele yangu."

Ndipo Kasika, aliyekuwa ameinamisha kichwa juu ya mashine yake, akasema bila kumtazama mtu: "Mimi nilisikia harufu siku ile ya kufunga. Mais lakini fundi alikuwa ameshaonja."

"Na ukanyamaza?" Madame akamgeukia.

"Fundi alisema iko muzuri, Madame. Mimi ni nani?"

Madame Mariette alisimama kitambo akiyatazama makasha. Kisha akatoa uamuzi wake kama alivyozoea, kwa sauti ndogo ili kila mtu alazimike kunyamaza amsikie. Mzee asingerudi Beni siku hiyo. Angelala kwake, angekula kwake, maana mgeni aliyetukanwa haondoki na njaa. Kesho asubuhi pombe ya pipa jipya, ile iliyofungwa juzi, itakuwa imekaa vizuri.

"Utaionja wa kwanza, Edmond, mbele yetu. Utatuambia kweli. Nyuma yako nitaonja mimi, na nyuma yangu mzee. Kama ulimi wako na wetu hazipatane, utaniachia funguo za ghala, na tutaachana na heshima."

"Ndiyo, Madame."

"Na leo usiguse kitu. Enda uoshe mapipa."

Hivyo fundi alishinda siku nzima akiosha mapipa, ameinama ndani yake hadi kiunoni, na wanawake wa kuosha chupa walimpisha njia kwa adabu iliyouma kuliko kicheko.

*

Ilikuwa homa tu. Homa ya msimu wa mvua uliopita, ya kichwa na pua kuziba, kama ile iliyowapata nusu ya mtaa. Wengine walipona mwili mzima. Edmond alipona miguu, kichwa na kifua, akabaki bila pua ya kunusa wala ulimi wa kuonja. Muuguzi wa dispensaire alimwambia itarudi yenyewe, awe na subira, naye akawa na subira. Alijifunza kuonja kwa macho na masikio. Pombe nzuri ya ndizi na ngano ina povu linalokaa, lina sauti ya mvua ya mbali, na rangi yake ni ya asali iliyochanganywa na vumbi. Siki nayo, kwa bahati mbaya, ina rangi ile ile na sauti ile ile.

Jioni alipochukua sweta yake ukutani, alichukua pia chupa moja ya pipa jipya. Haikuwa wizi, kila fundi alikuwa na haki ya chupa moja kwa juma, ila yeye hakuwahi kuipeleka nyumbani. Aliificha ndani ya sweta, akashuka kilima huku mvua ndogo ikimpiga usoni. Chukudu la mbao la magurudumu mawili, lililojaa makaa, lilimpita likiteremka, mwenyewe akipiga kelele watu wajitenge. Kwenye kona ya pikipiki vijana walikuwa wamejikunyata chini ya mwavuli mmoja.

"Fundi," mmoja akaita. "Siki ya kutia ku salade ni bei gani leo?"

"Muulize vizuri," akasema mwingine. "Ule anauzishaka na tabasamu juu yake."

Edmond aliinua mkono kuwasalimu kama kawaida, maana kutowasalimu kungekuwa kukubali. Habari ya Butembo haingojei mtu avae viatu.

Kitu kimoja tu kilimzunguka kichwani njia nzima. Kesho angeinua glasi, na angelazimika kusema neno moja kati ya mawili. Alihitaji ulimi wa mtu. Kaka zake wangetangaza. Jirani angetangaza. Alibaki mtu mmoja duniani aliyejua kunyamaza, na huyo hakuwahi kugusa pombe tangu azaliwe.

*

Tamar, mkewe, alikuwa binti wa Pasta Ézéchias wa Kipese, na alikuwa mwimbaji kanisani kwao tangu utoto. Alipokubali kuolewa na Mkatoliki tena fundi wa pombe, watu wa kwao walitikisa vichwa hadi shingo zikachoka. Yeye alimwekea mchumba wake sharti moja: kazi ibaki kazini. Edmond akalishika. Kila jioni alisukutua mdomo kwenye bomba la uani kabla ya kuvuka kizingiti, na katika nyumba ile chupa pekee zilizowahi kuingia zilikuwa za mapishi na za dawa ya kikohozi.

Jioni hiyo hakusukutua. Aliingia, akaisalimu nyumba, akaitoa chupa ndani ya sweta, akaiweka mezani.

Binti yao Bénite alikuwa kwenye mkeka na madaftari yake. Aliinuka mara moja kusoma karatasi ya chupa, maana alisoma kila kilichoandikwa, hata mifuko ya saruji.

"Ndizi na ngano ya Kipese," akasoma. "Papa, iko na mulima ya Ruwenzori juu. Na theluji."

"Bénite, rudia ku devoir yako," mama yake akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Tamar hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akikasirika sauti yake ilishuka, ikashuka, hadi ukatamani apige kelele.

"Papa Bénite, ile ni nini?"

"Ni ya kazi."

"Naona ni ya kazi. Nauliza inafanya nini ku meza yangu."

"Nataka uonje."

Tamar alimtazama kama anamtafuta mtu nyuma yake.

"Nionje."

"Funda moja tu, Mama Bénite. Halafu uniambie iko namna gani."

"Wewe fundi ya pombe, uniulize mimi, choriste ya kanisa?"

"Ninakuomba."

"Siku ya kunioa nilikuambia nini juu ya pombe?"

"Kwamba ibakie ku kazi."

"Na ulikubali?"

"Nilikubali."

"Donc, basi?"

Edmond alikaa. Alisema tu, "Leo nimechoka sana."

"Mutu akichoka anapewa maji ya moto," Tamar akasema. "Tule kwanza."

Alileta ugali wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, na dagaa wa ndakala kidogo juu yake, akavipanga kuizunguka chupa bila kuigusa, kana kwamba ni mgeni asiyejulikana aliyekuja saa ya chakula. Bénite aliomba sala kwa haraka. Edmond alimega tonge, akachovya, akatafuna. Lilikuwa moto na laini. Aliuona mvuke, akaona majani yalivyopondwa vizuri, akaona mafuta ya mawese yaking'aa pembeni mwa sahani.

"Iko muzuri, Mama Bénite," akasema.

Bénite aliweka tonge lake chini.

"Mama, sombe haina chumvi."

"Najua," Tamar akajibu.

"Umesahau?"

"Enda ku jikoni ukatafute chumvi. Utafute polepole."

Mtoto aliwatazama wote wawili, akachukua sahani yake, akatoka. Tamar akanawa vidole, akavikausha kwenye kitenge kimoja kimoja.

"Leo si mara ya kwanza," alisema. "Mara ya kwanza nilisahau kweli. Nilipoonja nikasikia haya, nikangojea useme. Ukasema iko muzuri. Nikafurahi hata, nikasema bwana yangu ananichunga. Kesho yake nikaacha chumvi kwa kusudi. Ukasema iko muzuri. Siku ingine nikatia mara mbili. Bénite alikunywa maji mpaka akalia tumbo, wewe ukasema iko muzuri na ukaomba ingine."

"Mama Bénite."

"Acha nimalize, juu nimebeba hii kitu kwa siku mingi. Mwanaume anayesifu chakula bila kukisikia, roho yake inakulaka fasi ingine, ku nyumba ingine. Njo vile nilijiambia. Kuna nyungu ingine ya mwanamuke mahali, Butembo hii, na pale njo anakulaka kweli. Mimi hapa ananipaka tu mafuta. Nilinusa hata shati zako."

"Na ulisikia nini?"

"Ndizi," akasema kwa uchovu. "Kila siku ndizi tu. Nikasema basi huyo mwanamuke anauzisha ndizi."

Edmond alikaribia kucheka. Kicheko kilifika nusu kikageuka kitu kingine, akainamisha uso.

"Hakuna nyungu ingine."

"Basi kuna nini?"

Edmond alimega tonge, akalirudisha sahanini. Mvua ilikuwa imekolea juu ya bati. Tamar akainuka akaenda kabatini. Alirudi na kitu kidogo ndani ya kiganja.

"Funga macho."

"Juu ya nini?"

"Funga tu."

Akafunga. Alisikia kifuniko kikizunguka, akasikia joto la mkono wake karibu na pua.

"Ile ni nini?" Tamar akauliza.

Edmond alivuta pumzi, akavuta tena kwa nguvu. Ilikuja hewa tu. Alifikiri: ni mafuta ya kupaka? Ni maji ya waridi ya kanisani? Alijua anangojewa, na akachagua kile kisichoweza kuwa kibaya sana.

"Maji?"

Alisikia kifuniko kikirudishwa.

"Ni siki, Edmond," Tamar akasema. "Siki ninatiaka ku choux, ile kabichi."

Hakuwa amemwita kwa jina tangu Bénite azaliwe. Alifungua macho, akamwona amekaa karibu naye, chupa ndogo ya siki mapajani, na uso wake haukuwa tena wa hasira.

"Toka wakati gani?"

"Ile homa."

"Ile homa ya musimu ile? Na ulinyamaza?"

"Balisema itarudi. Nilikuwa nangojea irudi njo nikuambie ilikuwa imepotea."

Akamsimulia asubuhi yake yote: makasha yaliyorudi, glasi iliyojaa, Madame akitema mferejini, Kasika aliyenusa akanyamaza. Alisimulia akiitazama meza. Tamar alimkatiza mara moja tu.

"Ule mzee alimeza siki mbele ya bakwe na akacheka?"

"Alimeza."

"Juu asipate haya."

"Ndiyo."

"Na wewe ukameza siki mbele yake, hukukunja uso, ukasema neno lake lile lile." Alitikisa kichwa. "Masikini ya Mungu. Iko anafikiri ulikuwa unamuiga."

Hilo Edmond hakuwa amelifikiria hadi mwisho. Siku nzima aliogopa funguo za ghala, na mzee alikuwa ametembea kichwani mwake kama shahidi tu. Sasa alimwona amesimama uani na viatu vya udongo, akiivaa na kuivua kofia ile.

*

Tamar alivuta chupa karibu.

"Fungua. Mbele yangu, kama vile inafanyikaka."

"Mama Bénite, hapana lazima."

"Fungua nimesema. Na ukunywe wa kwanza. Hata kama hausikii kitu, ni desturi."

Alifungua kwa mpini wa kijiko. Kizibo kiliruka chini ya kiti, povu likapanda shingoni likasimama. Alinywa funda lake, ubaridi na mapovu, akamimina kidogo kwenye kikombe cha chai, maana glasi hawakuwa nazo, akamsogezea kwa mikono miwili.

Tamar hakukinyanyua kikombe. Alikitazama muda, kisha akachovya kidole kidogo, akakipeleka ulimini, akafumba macho vilevile alivyofumba akisubiri sauti ya kwanza ya wimbo.

"Sema," Edmond akamwomba.

"Ngoja." Alimeza mate. "Iko kama ndizi zimekaa sana mu shimo, zile za mwisho, zimeanza kuwa nyeusi. Tena kuna kitu kama mukate ukitoka ku moto. Na nyuma, huku nyuma ya ulimi, kunauma kidogo."

Edmond alimsogelea. "Kunauma namna gani? Kama siki?"

"Usinisukume." Alichovya tena. "Hapana. Siki inakamata hapa ku masikio. Hii inauma kama majani, kama ukitafuna jani la muti. Inauma na inaenda zake." Akachovya mara ya tatu.

"Mama, unakunywa?" Bénite alikuwa mlangoni na kopo la chumvi.

"Ninaonja. Kuonja hapana kunywa."

"Mara ngapi?"

"Weka chumvi pale, ukule, ulale."

Edmond aliegemea ukuta. Pipa lilikuwa zima. Kesho angeinua glasi, angetikisa kichwa, angesema iko muzuri, na safari hii ingekuwa kweli. Mzee angepanda gari lake na pombe safi, na funguo zingebaki kiunoni mwake.

"Basi imeisha," akasema. "Kesho nitasema iko muzuri."

Tamar alikuwa anafuta kidole chake kwenye kitenge, na aliendelea kukifuta baada ya kukauka.

"Na pipa ya nyuma ya hii?"

"Hiyo tutaona."

"Tutaona na kidole ya nani? Nitapandaka kila juma kule ku kiwanda kulamba, na nimevaa uniforme ya chorale?"

"Inaweza kurudi kabla ya pale, ile ladha."

"Inaweza. Na inaweza isirudi, na utauzishia mutu mwingine haya ya bakwe." Sauti yake ilikuwa imeshuka tena, lakini si kwa hasira. "Na ule mzee atarudi Beni na pombe muzuri, akijua fundi ya Butembo alimuchekelea mbele ya bibi za kuosha chupa. Atakufa na ile."

"Nikisema, Madame ananifukuza. Fundi bila ulimi ni nini? Ni kama choriste bila sauti."

"Mimi sauti ilinipotea mwaka ya mimba ya Bénite. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Balinifukuza? Balinipatia kayamba." Alisema bila kutabasamu, kisha pembe ya mdomo ikamsaliti. "Nilikuwa naipiga mubaya sana. Mais nilikuwa mu chorale."

"Madame hana kayamba."

"Basi hana. Tutaenda kwa baba kule Kipese kulima viazi. Atatuhubiria mpaka mavuno, mais tutakula."

"Na akisikia ni wewe ulionja?"

Tamar alitazama kikombe. Hapo ndipo Edmond alipoona kwamba naye alikuwa ameshalifikiria, pengine kabla hajachovya kidole, na kwamba halikuwa dogo kwake.

"Atasikia," akasema. "Kanisa nzima itasikia. Nitasema mimi mwenyewe, kabla batu baseme juu yangu. Wewe sema yako."

Akaichukua simu juu ya redio, akaifuta skrini kwa kiganja, akamwekea mbele yake karibu na sombe iliyopoa.

Edmond aliitazama. Alitamani Tamar ampigie yeye, au mvua ikate mtandao kama ilivyokuwa ikifanya kila siku ambayo hakutaka ukatike. Mtandao ulikuwapo. Simu ikalia upande wa pili, ikalia tena, halafu sauti ya Madame Mariette ikaja na nyuma yake mlio wa vijiko.

"Allô, Edmond? Tuko ku meza na mzee. Kuna nini, ghala?"

"Ghala iko muzuri, Madame. Nilikuwa nataka..." Alikohoa. Tamar hakumsaidia. Alikuwa ameweka mkono mezani karibu na wake, bila kuushika. "Nilikuwa nataka mzee Maliro anisikie. Na wewe pia. Tia haut-parleur, sauti itoke inje."

Ukaja mlio wa simu ikiwekwa juu ya meza. Vijiko vikanyamaza.

"Nakusikia," ilisema sauti ya mzee, kavu. "Umesahau kunichekelea kitu?"

"Mzee," Edmond akasema, "asubuhi sikukuchekelea. Siko nasikia ladha ya kitu. Wala harufu. Toka homa ya musimu ya mvua, mudomo wangu umekufa, na sikuambia mutu. Siki yako nilikunywa kama maji juu kwangu ilikuwa maji. Nikasema iko muzuri juu ya haya, kama vile wewe ulisema. Ile ya pipa mupya, bibi yangu, Mama Bénite, ameionja hapa nyumbani, anasema hapana siki. Yeye njo anajua. Mimi, mzee, sijui kitu."